Mchuzi Uzidishwao Maji: Aina za Supu na Haki ya Jirani

Katika vyakula vyote apikavyo mwanadamu, hakuna kilicho chepesi kukuzwa kama supu. Wali haukui ila kwa mchele, wala mkate haukui ila kwa unga. Lakini supu hukuzwa kwa maji, na maji aghlabu hayamshindi hata mnyonge. Kwa sababu hiyo supu imekuwa tangu kale chakula cha mgeni aliyebisha hodi ghafula, cha mgonjwa asiyeweza kutafuna, cha mfiwa aliyepotewa na hamu, na cha maskini aliyesimama mlangoni. Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya supu na aina zake. Wala hatutaki kuzihesabu tu kama mwenye duka ahesabuvyo mali yake, bali twataka kuuliza kila moja ilipikwa kwa ajili ya nani.

Kwanza tuyatazame majina. Waarabu huita maraq ule mchuzi utokao katika nyama iliyochemshwa. Shurba ni jina la ule mchuzi uliotiwa nafaka ukawa mzito. Nasi Waswahili tumelipokea hivyo hivyo. Neno supu limetujia kutoka kwa Wazungu, na asili yake ya kale katika lugha zao ni kipande cha mkate kilicholowekwa ndani ya mchuzi. Basi mwenye kuijua tharid ya Waarabu, ambayo ni mkate uliomegwa ukamiminiwa mchuzi wa nyama, ataona kuwa mataifa yaliyo mbali mbali yalifikia jambo moja: mkate mkavu na maji ya nyama vikikutana, kidogo hutosha wengi.

MCHUZI WA JIRANI

Imepokewa katika Sahih ya Imamu Muslim kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alimwusia sahaba wake Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi azidishe maji yake, kisha awaangalie jirani zake awagawie. Na tuitazame hekima iliyomo katika wasia huu. Abu Dharr hakuwa tajiri. Hakuamrishwa achinje mbuzi wa pili, wala akope sokoni ili apate cha kugawa. Aliamrishwa azidishe maji, jambo liwezekanalo kwa kila mwenye chungu na moto. Hapo pameondolewa udhuru wa kila nyumba: mwenye kusema hana cha kumpa jirani, naye ana chungu jikoni, amekwisha kujibiwa.

Mchuzi ukizidishwa maji utakuwa mwepesi kidogo, wala hatukatai. Nyumba itapungukiwa na utamu, na jirani atapata shibe. Huo ndio mnada wenyewe, nao ni mnada wa faida.

Tena imepokewa na Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaonya wanawake wa Kiislamu kuwa jirani asiidharau zawadi kwa jirani yake, ijapokuwa ni kwato ya kondoo. Wanavyuoni wameeleza kuwa onyo hili lina pande mbili: mtoaji asione haya kutoa kidogo, wala mpokeaji asikikunjie uso kidogo alicholetewa. Kwetu sisi neno hili lafahamika upesi, maana nani katika miji yetu asiyeijua supu ya makongoro? Kwato na miguu, ambayo mtu mwingine angeitupa, huchunwa, huchomwa manyoya, hukatwa, kisha huwekwa motoni tangu usiku. Na asubuhi hutoka mchuzi ulio mzito na mtamu. Kumbe iliyotajwa kuwa mfano wa zawadi ndogo kabisa yaweza kulisha watu wa nyumba mbili.

Sisi tusomeshao watoto vyuoni hatuhitaji kuambiwa nani alilala njaa. Mtoto aliyekula usiku na yule asiyekula hawafanani asubuhi mbele ya ubao: mmoja hushika aya kwa mara ya tatu, na mwenzake hupiga miayo akaangalia mlangoni. Na mara nyingi watoto hawa wawili hutoka katika nyumba zilizotengwa na ukuta mmoja. Ukuta huo huzuia macho, lakini hauizuii harufu ya kitunguu na nyama. Yule mtoto aliyelala njaa alikisikia chungu cha jirani yake tangu magharibi mpaka isha. Jambo hili si dogo mbele ya Mwenyezi Mungu.

MCHUZI WA MGENI NA MWENYE NJAA

Wapokezi wa historia wametueleza kuwa babu wa pili wa Mtume (S.A.W.), yaani baba yake Abdul-Muttalib, jina lake la asili lilikuwa Amr. Ulipowapata Makureshi mwaka wa njaa, alileta mkate kutoka Shamu, akachinja ngamia, akaumega ule mkate ndani ya mchuzi akawalisha watu wa Makka. Kwa Kiarabu kumega huko ni hashama, naye akaitwa Hashim. Tazameni: ukoo ulio mtukufu kuliko koo zote umepata jina lake kutoka katika sinia la mkate na mchuzi.

Hashim huyo, kama wasemavyo wapokezi, alifia safarini katika mji wa Gaza, na hata leo mji huo huitwa Gaza ya Hashim. Katika vita vilivyoanza mwezi wa Oktoba 2023, watu wa mji huo walionekana wamepanga mistari wakiwa na masufuria mikononi kungojea supu ya adesi, na watoto wakikwangua vyombo; na mwezi wa Agosti 2025 wataalamu wa kimataifa wa mambo ya chakula walithibitisha kuwa njaa kuu imeingia huko. Mji wa mtu aliyewamegea watu mkate ukakosa mkate. Wenye kusoma wazingatie, na wenye uwezo wasichoke kutoa.

Kisa cha Jabir bin Abdillah nacho kinatufaa. Siku za kuchimba Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, aliona athari ya njaa kwa Mtume (S.A.W.), akarudi nyumbani. Alikuta pishi moja tu ya shayiri na kijinyama kimoja cha kufugwa. Alichinja, mkewe akasaga na kuteleka chungu, kisha Jabir akaenda kumwalika Mtume kwa siri pamoja na watu wachache. Mtume akawaita watu wote wa Handaki, nao walikuwa kama elfu moja. Akaagiza chungu kisiteremshwe jikoni mpaka atakapofika. Wote walikula wakashiba, na chungu kikabaki kikitokota. Ule ni muujiza, wala sisi hatudai miujiza kwa vyungu vyetu. Lakini adabu iliyomo ni yetu sote: mwenye chakula kidogo alikitoa chote.

Wala supu si ya shida peke yake. Anas bin Malik amesimulia kwamba fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume (S.A.W.), akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi uliotiwa mumunye na nyama kavu. Anas akamwona Mtume akiyafuatia mumunye pembezoni mwa chombo. Na tangu siku hiyo Anas akayapenda mumunye. Mwenyeji alikuwa fundi wa kushona kwa mkono, chakula kilikuwa cha kawaida, na mgeni alikuwa mbora wa viumbe. Je, mmoja wetu atakosaje kumwalika mwenziwe kwa kuogopa kuwa chakula chake ni duni?

MCHUZI WA MGONJWA, MZAZI NA MFIWA

Katika aina hii iliyo mashuhuri ni talbina. Hupikwa kwa unga wa shayiri na maji au maziwa, ikatiwa asali, nayo hufanana na uji mwepesi. Jina lake limetoka katika laban, yaani maziwa, kwa weupe wake. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa ikiwa kumetokea msiba katika jamaa zake, wageni wakiisha kutawanyika, huamrisha chungu cha talbina kipikwe na kumiminwa juu ya tharid, akisema kuwa amemsikia Mtume akieleza kuwa humtuliza moyo mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni.

Huku kwetu kila mahali pana dawa yake ya jikoni. Wachaga wa Kilimanjaro humpikia mzazi mtori, ambao ni ndizi na nyama vilivyopikwa pamoja vikapondwa. Pwani mzazi hupewa uji wa pilipili manga, na supu ya kuku wa kienyeji haikosekani. Hizi ni mila njema, na mwenye kuzidumisha hakukosea.

Ila msibani tumekwenda kinyume. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwa kuwa limewafikia jambo la kuwashughulisha. Lakini katika miji yetu mingi ni mfiwa atelekaye masufuria, akakopa mchele na nyama, ili watu waliokuja kumfariji wasirudi na njaa. Chungu cha jirani ndicho kilichotakiwa kwenda kwa mfiwa.

Hapa pana jambo jingine la kuangaliwa. Katika nyumba nyingi imekuwa desturi kwamba nyama huliwa na wakubwa, na mtoto au mgonjwa hupewa maji ya supu akaambiwa kuwa nguvu zote zimo humo. Sivyo. Nyama ichemshwapo, maji huchukua ladha, mafuta, sehemu ya chumvi zake, na ule utando wa mifupa na kano ugandao kama jeli ikipoa. Lakini sehemu kubwa ya kijengacho mwili hubaki katika nyama yenyewe. Mwanachuo wa kemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, alieneza mwaka wa 1847 habari za asali nzito ya nyama, akidhaniwa kuwa amekusanya nguvu za ng'ombe katika kopo. Mwaka wa 1865 ikaanzishwa kampuni, na kiwanda kikawa Fray Bentos, nchi ya Uruguay, ambako kiasi cha kilo 30 za nyama zilitoa kilo moja tu ya asali hiyo. Ikanunuliwa sana kwa ajili ya wagonjwa, hata wataalamu wengine walipoipima wakaona kuwa ni kitu cha ladha, wala lishe yake si kubwa. Basi mtoto apewe supu pamoja na kipande cha nyama kilichokatwa vidogo, au ajazwe adesi, maharage na yai. Maji matupu yenye harufu ya nyama si haki yake.

MCHUZI WA MFUNGAJI

Ukitaka kuona wingi wa aina za shurba, tazama nchi za Waislamu wakati wa kufuturu. Moroko mfungaji hungojewa na harira, iliyopikwa kwa adesi, dengu, nyanya, kotmiri na nyama kidogo, ikafanywa nzito kwa unga. Algeria hupikwa shurba ya friki, yaani ngano iliyovunwa ingali mbichi ikachomwa moto, kisha ikapondwa. Misri ni ya adesi kwa bizari nyembamba na ndimu. Waturuki hukanda unga pamoja na maziwa ya mgando na mboga, wakauacha ukachachuka, wakaukausha juani. Huo ndio tarhana, hazina ya supu ya siku za baridi. Watu wa Bara Hindi wana nihari, ambayo huachwa motoni usiku kucha ikaliwa alfajiri. Nasi Waswahili tuna shurba yetu ya ngano iliyopondwa na nyama, na uji wa kila namna.

Mwenye kuangalia ataona kuwa nyingi katika hizi nyama yake ni chache, na nafaka na kunde ni nyingi. Hiyo ndiyo siri yao. Kikombe kimoja cha adesi au dengu kikitiwa katika chungu chenye mifupa michache hukifanya kiwe kizito, kikashibisha watu wengi, na lishe yake ikawa ya kweli. Basi anayezidisha maji kwa ajili ya jirani, akiweza azidishe na adesi.

MCHUZI WA WAKFU, NA MCHUZI WENYE SHARTI

Waislamu wa zamani hawakuuacha mchuzi wa maskini utegemee huruma ya siku moja. Waliufungia wakfu. Mwaka wa 1552 mke wa Sultani Suleiman, Hürrem Sultan, alijenga katika mji wa Jerusalem jiko la kuwalisha watu, akalipa mashamba na vijiji ili mapato yake yanunue nafaka na kuni. Asubuhi ilipikwa supu ya mchele, na jioni supu ya ngano iliyopondwa, pamoja na mkate. Jiko hilo liliendelea kupika kwa karne nyingi, likavuka tawala kadha wa kadha. Na huko Hebron, mji wa Nabii Ibrahim (A.S.), msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw aliyefika mwaka wa 1047 aliandika kuwa kila mgeni alipewa mkate na adesi zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, pamoja na zabibu. Desturi ya kugawa chakula katika mji huo haikufa.

Tulinganishe na jambo lililotokea Ayalandi wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845 viazi vilipooza mashambani. Mwaka wa 1847 mpishi mashuhuri Alexis Soyer alifungua jiko kubwa katika mji wa Dublin. Watu waliingia kwa mafungu, wakala kwa vijiko vilivyofungwa kwa minyororo, kengele ikilia watoke waingie wengine. Mwaka huo huo Sultani Abdulmecid wa Uturuki alipeleka msaada wa pauni 1,000 kwa watu wale, ambao hawakuwa wa dini yake wala wa lugha yake. Jamaa wa Quaker nao walipika supu wakagawa bila ya sharti. Lakini walikuwako wahubiri wengine waliompa mwenye njaa bakuli kwa sharti la kubadili madhehebu yake, na aibu ya supu hiyo imekumbukwa katika nchi ile vizazi hata vizazi.

Na sisi tujipime. Qurani Tukufu, katika sura ya Al-Insan, imewasifu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, wasitake kwao malipo wala shukrani. Basi ampelekeaye jirani bakuli kisha akamsimanga mbele ya watu, au akamtaka amchagulie katika uchaguzi, au akampiga picha ili aonekane, naye ametia sharti ndani ya mchuzi wake. Jirani asiye Mwislamu naye ana haki ya ujirani. Chungu hakiulizi dini.

CHUNGU CHA NYUMBANI KWETU

Supu haikupungua katika miji yetu. Asubuhi Dar es Salaam imejaa supu ya mbuzi, ya utumbo na ya makongoro pamoja na chapati. Jioni pwani kuna supu ya pweza, na Unguja kuna urojo wenye ukali wa embe mbichi na ndimu. Lakini nyingi ya hizi ni za kununua, na mwenye kununua hunywa peke yake, akafuta mdomo akaenda zake. Kuuza supu ni kazi ya halali, tena ya jasho. Tulilolipoteza ni lile bakuli lililofunikwa kawa, lililotoka mlango huu likaingia mlango ule, kisha likarudi na embe mbili au kipande cha muhogo, kwa kuwa haikuwa adabu kulirudisha tupu.

Tukiuliza sababu, wengi watasema maisha yamekuwa magumu. Hatukatai. Lakini twaona kuwa sababu kubwa kuliko hiyo ni haya. Mama huona haya kupeleka mchuzi wa mifupa kwa jirani mwenye friji. Na jirani mwenye friji huona atadhaniwa anajionyesha. Kila mmoja akafunga mlango wake, na onyo la kwato ya kondoo likasahauliwa na pande zote mbili.

Basi twawausia akina mama na akina baba mambo machache. Nyama itelekwe kwa maji baridi na moto mdogo, povu liondolewe, na mifupa ipewe muda wake. Vile vidonge vya mchuzi viuzwavyo madukani visitegemewe, kwani sehemu kubwa yake ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai; na kabla ya kununua, isomwe karatasi yake, kisije kikawa na nyama isiyochinjwa kwa sheria. Supu iliyobaki isiachwe nje usiku kucha; ihifadhiwe mahali pa baridi, na kesho ichemshwe mpaka itokote.

Nanyi vijana, wavulana kwa wasichana, kazi yenu ni kulichukua bakuli. Bisheni hodi, toeni salamu, mpeni Bi mkubwa kwa mikono miwili, wala msichungulie ndani mkaja kusimulia mlichokiona. Msingoje Ramadhani. Siku yoyote chungu kiwapo jikoni, mkumbusheni mama yenu kwa adabu: Mama, tumezidisha maji?

Kutoa ni moyo, si utajiri. Ndivyo wazee wetu walivyosema. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo za kutoa kidogo tulicho nacho, na nyuso za kukipokea kidogo tuletewacho, asimwache mtoto wa jirani yetu alale na harufu peke yake. Amin.